Mkono Juu ya Meza

Kasongo, Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024

Mafunzo yameisha leo. Siku nne za kukaa ofisini na kalamu mpya, na mwisho wake nimechaguliwa mimi, Alain, muuguzi wa miaka kumi na moja kazini, niliyedhani wakubwa wamenisahau. Utafiti wenyewe ni mkubwa kuliko nilivyofikiri. Nchi tano: Ubelgiji, Tunisia, Brazili, India na sisi Kongo. Wanataka kulinganisha mambo yanayoharibu moyo wa mtu, wajue yamezidi wapi na kwa nini. Kwa Kongo wamechagua Kasongo na Kabambare. Nilipomwambia mke wangu Emmanuella, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Wabeleji wanataka kujua moyo ya mutu wa Kasongo?"

"Wanataka, mama," nikamjibu.

Tutapima uzito, kiuno, sukari, na hasa tension, yaani msukumo wa damu. Tutauliza tumbaku, chumvi, pombe na kazi. Tumepewa mashine mbili, mizani, utepe, na meza ya kukunja ya kufunga nyuma ya pikipiki. Viti hatukupewa. Daktari Aristote, anayesimamia kazi hapa, alisema kila nyumba ina viti. Huyo ni mtu anayejua kazi yake. Ametukaririsha mpaka tukachoka: mtu akae, apumzike dakika tano, asiongee, mkono juu ya meza.

Mwenzangu wa safari ni muuguzi Apolline. Mpole, mwenye maswali mengi. Ningependa mwingine.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba

Nyangwe, kijiji cha mtoni. Mvua asubuhi, jua kali mchana. Watu ishirini na wawili. Wavuvi wana mikono migumu hata mkanda wa mashine unashindwa kuwabana vizuri.

Jumanne tarehe 8 Oktoba

Fomu ina swali linaloua watu kwa kicheko: kwa juma moja, mtu anafanya mazoezi ya kujifurahisha saa ngapi? Leo nilimwuliza mama aliyekuwa ametoka shambani na mzigo wa kuni na muhogo. Aliniangalia muda mrefu, kisha akamwita jirani yake aje asikie. Nimeandika sifuri. Kwa fomu hii, mama yule ni mvivu kuliko mtu wa Ubelgiji anayekimbia bustanini na mbwa wake.

Apolline ameanza. Jioni ananiambia, "Alain, watu wako wanakaa chini sana. Unaona mukono inapanda juu?" Nikamwambia kitabu cha mafunzo kinasema mkono uwe juu ya meza, na uko juu ya meza. Anachosema ni kweli kwamba wanakaa chini, lakini tufanye nini? Ukifika nyumba ya mtu anakupa kiti, na kama kiti ni kimoja ni chako. Yeye anachukua kigoda, au mkeka. Hakuna mtu mwenye adabu atakayekaa sawa na mgeni aliyetoka mbali kuja kumpima moyo. Nikianza kubadilishana viti na wazee, kesho hatupokelewi.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba

Mvua. Tope. Pikipiki imetubeba nusu ya njia, nusu nyingine tumeibeba sisi.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba, Wamaza

Hapa ni kwao Emmanuella, kwa hiyo nimepokelewa kwa kuku kabla hata ya kufungua mizigo. Mwenyeji wetu wa kwanza alikuwa Bulaimu, mkulima wa mpunga, Mwislamu, mtu wa maneno mengi na meno machache. Alituma kiti chenye mgongo kiletwe kutoka kwa jirani yake.

"Docteur, kaa. Sisi tutakaa hapa chini, hakuna shida."

Yeye 118 kwa 74. Mke wake 115. Nilipomwambia ni nzuri sana, aliniomba nimwandikie kwenye karatasi. Ameibandika mlangoni kwa utomvu, mahali ambapo wengine huweka picha.

Kesho ni zamu ya mama mkwe. Jina lake limetoka katika orodha iliyochaguliwa, sikuliweka mimi.

Ijumaa tarehe 18 Oktoba, Wamaza

Nimetoa jasho leo kuliko siku ya harusi yangu. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, hamtaji jina. Hapa kwenye daftari ninaweza: anaitwa Mathilde. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikageukia ukuta. Yeye alikaa kwenye mkeka, akanipa mgongo, na mkono wake mmoja akauinua hadi mezani. Apolline ndiye aliyemfunga mkanda. Kazi yangu ilikuwa kusoma namba tu.

106 kwa 64. Tukarudia. 104. Tukarudia tena. 106.

Mama amekuwa akimeza vidonge vya tension miaka miwili sasa, Emmanuella humtumia kila mwezi. Wiki hizi analalamika kizunguzungu akiinuka kutoka kupalilia. Basi jambo likawa wazi: dawa inamshusha mno. Nilizungumza na ukuta, Apolline akampelekea maneno yangu kana kwamba mama hakuwa hatua tatu kutoka kwangu: aache vidonge mpaka nitakaporudi. Mama akamjibu Apolline, "Mwambie mukwe wangu, asante. Amenitosha mufupa kwa shingo." Yaani nimemtoa mfupa shingoni. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Jumanne tarehe 29 Oktoba, Kasongo

Tumemaliza. Watu 412. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa tarehe 8 Novemba

Ninaandika mbio kwa furaha, nisamehewe mwandiko. Daktari Aristote alituita ofisini, akafunga mlango, akageuza kompyuta yake tuone. Mistari mitano ya rangi, mstari mmoja kwa kila nchi. Wa kwetu uko chini kabisa, peke yake, mbali na mingine. Tension ya watu wa Kasongo na Kabambare ndiyo nzuri kuliko zote katika nchi tano. Kuliko Ubelgiji! Na hospitali zao zile, na barabara zao.

"Sisi?" niliuliza.

"Nyinyi," Daktari alisema, kisha akajirekebisha, "sisi."

Sikuamini. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika ripoti ambazo sisi ni wa mwisho kwa kila kitu: wa mwisho kwa chanjo, wa mwisho kwa maji, wa mwisho kwa uzazi. Nilisimama mbele ya ile kompyuta machozi yakanilenga. Apolline aliuliza kama tunaweza kurudia kupima watu wachache kuhakikisha. Hata siku ya furaha huyu mwanamke ana swali.

Jumapili tarehe 10 Novemba

Imetangazwa kanisani, na nasikia Ijumaa ilikuwa imeshatangazwa msikitini, maana Daktari hawezi kutunza siri. Bulaimu amenipigia simu kutoka Wamaza akipiga kelele: "Docteur! Moyo yetu ni ya kwanza kwa dunia!" Nikamwambia ni nchi tano tu. Akasema hizo nyingine zitaletwa, zitashindwa vilevile. Mke wake sasa anaweka cube mbili za mchuzi, zile za chumvi nyingi, kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa sababu nani atawaambia nini?

Tulicheka wote wawili.

Ijumaa tarehe 15 Novemba

Mvua. Hakuna jipya.

Jumanne tarehe 19 Novemba

Simu kutoka Wamaza saa nne asubuhi. Mama mkwe ameanguka shambani. Upande wa kuume haufanyi kazi, na maneno hayatoki. Emmanuella hajalia, anafunga nguo tu, anafunga na kufungua fundo lilelile. Tunaondoka sasa hivi. Apolline amesema atakuja na pikipiki nyingine. Sikumwomba.

Alhamisi tarehe 21 Novemba, Wamaza

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa, nikiyaacha mpaka kesho nitaanza kujidanganya.

Tulifika jana jioni tukiwa tope hadi kiunoni. Mama yuko kwenye kituo cha afya, kitanda cha dirishani. Muuguzi wa hapa alikuwa amempima: 198 kwa 112. Nilifikiri amekosea kuandika. Nikamwomba apime tena nikiwa mlangoni, maana hata hapo sikuingia, na nikasikia mwenyewe: 196. Mwezi mmoja uliopita mtu huyu alikuwa na 106. Nilijiambia mwili wa binadamu ni fumbo. Nilijiambia ni kuacha dawa, basi ilipanda. Lakini kupanda kutoka 106 hadi karibu 200? Nililala nikihesabu, na hesabu ilikataa.

Leo asubuhi Bulaimu alikuja kumwona mgonjwa, na papai chini ya kwapa. Alikaa kwenye benchi ya kituo, pembeni ya meza ya muuguzi, akaweka mkono wake mezani kwa mazoea. "Nipime tena, docteur, tuwaonyeshe wagonjwa mufano." Nilimpima ili nipate kitu cha kufanya na mikono yangu.

147 kwa 91.

Nilibadilisha betri. 149. Nilichukua mashine ya Apolline. 146. Nilimwuliza kama amekimbia, kama amekunywa kahawa, kama amegombana na mtu. Alisema amegombana na mke wake lakini ni jambo la kawaida.

Apolline alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje, akarudi na kigoda cha mpishi wa kituo, akasogeza benchi, akakiweka mahali pale pale ilipokuwa.

"Baba Bulaimu, kaa hapa chini. Mukono uweke pale pale kwa meza."

Mzee akakaa. Bega lake likafika karibu usawa wa meza, mkono ukapanda juu ya kifua chake. Tukangoja dakika tano. Nilikuwa nimeshaelewa kabla mashine haijaanza kuvuma, nikawa naomba kimoyomoyo nisielewe.

121.

Akarudi kwenye benchi. 147. Akarudi kwenye kigoda. 120. Mtu mmoja, nusu saa moja, mashine ileile. Yeye alidhani tunajaribu mashine tu.

Damu nayo hupanda mlima. Ukiinua mkono juu ya moyo, nguvu inapungua njiani na mashine inasoma kidogo. Nilifundishwa hilo mwaka wa kwanza, nililijibu kwenye mtihani, nilipata alama zote. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba, nikakalia viti vya watu, na kadiri mtu alivyoniheshimu zaidi ndivyo alivyokaa chini zaidi, na kadiri alivyokaa chini ndivyo nilivyomwandikia moyo mzuri zaidi. Ubelgiji wanakaa kwenye viti. Hatukuwashinda kwa chochote. Tuliwashinda kwa adabu!

Na kati ya waliokaa chini kabisa alikuwemo mama mkwe wangu, kwenye mkeka, kwa sababu yangu. Yule hakuwa na 106. Alikuwa na kama 130, dawa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, na kizunguzungu kilikuwa cha jua na njaa ya mtu anayepalilia bila kula. Nikamwondolea dawa.

Nilitapika nyuma ya kituo. Apolline alinishikia kichwa. Tarehe 8 Oktoba aliniambia, imeandikwa hapa juu kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nikamwonyesha kitabu.

Ijumaa tarehe 22 Novemba

Emmanuella ameniambia mbele ya shangazi zake kwamba Mungu alimpa mume anayejua dawa, kwani bila mimi mama angekuwa ameshakufa. Nilitikisa kichwa kuitikia. Nilitikisa kichwa kama mjinga!

Jumatatu tarehe 25 Novemba, Kasongo

Nimerudi peke yangu kumwona Daktari. Emmanuella amebaki na mama yake, ambaye ameanza kusema neno mojamoja.

Nilimweleza Daktari Aristote kila kitu. Nilimkalisha kwenye ndoo ofisini mwake, nikampima, nikampandisha kitini, nikampima tena. Namba ziliachana kwa ishirini na mbili. Alikunywa maji. Akanywa tena glasi ikiwa tupu.

"Ripoti imekwenda, Alain."

"Irudishwe."

"Wameshaandika kwamba sisi ni mfano. Wanataka kuja kuangalia chakula chetu, mashamba yetu." Alikuwa anaongea taratibu kama anayemtuliza mgonjwa. "Na yule mama ni mtu wa umri. Tension inapanda, inashuka. Nani atakuuliza? Wewe ndiye mukwe wake. Watu wake wanakushukuru."

Mtu huyu nilimwona mkubwa. Nilimtazama pale, na mkanda wa mashine bado mkononi mwake, nikaona mtu anayeogopa kama mimi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba maneno yake yalinipoza. Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi, nikatembea mpaka sokoni, nikanunua ndizi nikala. Ndizi ya pili ilinishinda kumeza.

Jumanne tarehe 3 Desemba

Apolline ameandika barua kwenda kwa wakubwa wa utafiti. Kurasa mbili, na michoro ya kigoda, mkeka na meza. Nimetia sahihi jina langu kwanza, juu ya lake. Daktari hakutia sahihi. Lakini aliacha kabati la mashine wazi, akatuambia yeye anakwenda kula na hajui nani atachukua nini.

Ijumaa tarehe 6 Desemba, Wamaza

Mama yuko nyumbani kwake sasa. Anakaa akiegemezwa, mkono wa kuume umelala mapajani. Mdomo umepinda kidogo lakini maneno yanaeleweka.

Nilimwita Emmanuella nyuma ya nyumba, nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia meza, mkeka, 106, vidonge. Nilitegemea kofi au kilio. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau.

"Wiki mbili niko nakusifu kwa watu," alisema.

"Ndiyo."

"Na uko unaitika."

"Ndiyo."

Nikamwomba aingie, amweleze mama yake kwa niaba yangu, maana ndivyo inavyotakiwa. Alikataa. "Ile siku ya kumwondoa dawa ulizungumza na ukuta. Leo hapana. Utaingia, utamwambia wewe."

Nikaingia. Miaka tisa ya ndoa na sijawahi kuuona uso wa mama huyu mzima mzima. Nimeuona leo, nusu yake ikiwa imelala. Shangazi mmoja alishika mdomo aliponiona napiga magoti karibu na kitanda. Nilisema nimekosea kumpima, nikamwambia kwa nini, na kwamba dawa haikutakiwa kuachwa. Nilisema ugonjwa huu nimemletea mimi. Nililia, siyo kidogo.

Kisha akasema, neno kwa neno, akipumzika katikati:

"Kichwa ilikuwa naniuma. Tangu juma ya kwanza. Kila siku."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote, hata Emmanuella kwa simu.

"Mukwe wangu amesema niko muzima. Mbele ya watu amesema. Mimi niende kusema kichwa inauma? Nikupatishe haya?"

Emmanuella alitoka nje mbio. Mimi sikuweza hata kuinua macho. Mwezi mzima alikuwa anakufa polepole ili mimi nisiaibike. Na bado alikuwa hajamaliza. Aliunyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akanigusa kichwani, jambo ambalo halifanyiki.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Wale wote uliwaambia wako wazima. Nao wako wananyamaza sawa mimi?"

Jumamosi tarehe 7 Desemba, Wamaza

Nimeamka kabla ya wote. Apolline alikuwa ameshafunga meza kwenye pikipiki na viti viwili juu yake, vya kuazima.

Tumeanza kwa Bulaimu. Hakuwepo, amekwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Mke wake ndiye aliyetufungulia, amefunga kitambaa kichwani, kimekazwa mpaka nyusi zimevutika. Nikamwuliza ana nini. Alicheka, akatazama ile karatasi mlangoni, kisha akanitazama mimi kwa heshima.

"Si kitu, docteur. Ni kichwa tu. Toka mwezi uliopita."